Mbele ya kununua telefone ya zawadi



Wakati Noeli inakaribia, ao mutoto akipata diplome yake, ulizo moja linarudi katika nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi na Lubumbashi: «Huyu mwenye kupenda masini, tumupe zawadi gani?» Munamujua mutoto huyo. Ni yule anayefungua radio ya zamani apate kuona sauti inatokea wapi. Ni yule majirani wanaita wakati televizyo imekataa. Basi baba anaangalia mufuko wake, anaenda soko, anarudi na telefone kubwa yenye kungaa. Kisha miezi mbili telefone imekufa, iko ndani ya sanduku, na deni lingali halijalipwa. Tuongee wazi juu ya jambo hili.

Kwanza, umuulize mutoto anapenda kufanya nini. Usimuulize tu anapenda kuwa na nini. Watoto wanaopenda masini hawafanane wote. Yule mwenye kutengeneza vyombo atafurahi zaidi na multimetre ya kupima umeme, turnevisi ndogo ndogo, na chuma cha moto cha kuunganisha waya. Vyote pamoja bei yake haifike hata robo ya telefone kubwa, na vinaweza kumuletea kazi. Yule mwenye kusoma sana atafaidika na ordinatere, hata ya okazyo. Kuna programu inayoitwa Kiwix, haiombe feza. Ukishaiweka ndani pamoja na vitabu vyake, mutoto anaweza kusoma Wikipedia yote bila intaneti. Na tusisahau mabinti. Iko binti wengi wenye akili ya masini, lakini kila mwaka wanapewa paka kitambaa.

Pili, fikiri juu ya umeme wa nyumba yako. Katika inchi yetu umeme ni wa volti 220. Chombo kilichotoka Marekani kinaweza kuwa cha volti 110 hadi 120, na hicho kitaungua siku ya kwanza. Soma maandiko madogo kwenye sharjere. Kama imeandikwa «INPUT 100-240V», hakuna shida. Tena unajua namna umeme unakatika na kurudi kwa nguvu. Mutu akikupa televizyo ao ordinatere ya meza, akupe na stabilizatere. Bila ile, zawadi haijatimia.

Wengi sasa wanapenda kutoa pawabanki, na ni zawadi nzuri fasi umeme haudumu. Lakini ujue hesabu yake. Pawabanki ya kweli ya mAh 10.000 haimwage yote ndani ya telefone. Batri yake ni ya volti 3,7, nayo inatoa umeme wa volti 5, na ingine inapotea kwa joto. Kwa hiyo telefone yenye batri ya mAh 5.000 itaijaza mara moja na kidogo tu. Basi, ukiona soko pawabanki nyepesi sawa kipande cha sabuni, imeandikwa 50.000, ujue maandiko yale yanadanganya. Vilevile karte ya memware: ikiandikwa ukubwa wa ajabu kwa bei ya mukate, itapokea picha chache, kisha itaharibu zingine.

Tatu, usilipe mbele ya kupima. Washa telefone palepale. Ita mutu, piga picha, ingiza sharjere. Kisha andika *#06#. Itaonyesha namba ya tarakimu 15, ndiyo sawa kitambulisho cha telefone. Namba ile ifanane na ile ya karto yake. Kama telefone inaomba adrese na neno la siri la mwenyeji wa kwanza, usiinunue. Pengine iliibiwa, na siku moja mwenyewe atakuja na polisi mulangoni mwako. Omba fakitire yenye jina la duka na tarehe. Muuzishaji anayekataa kuandika fakitire, amekwisha kukujibu.

Kwa ordinatere ya okazyo, uliza ulizo moja zaidi. Windows 10 ilikwisha kuachwa na wenye kuitengeneza tarehe 14 Oktoba 2025, na masini nyingi za zamani haziwezi kupokea Windows 11. Wauzishaji wengine wanazipunguza bei bila kusema sababu. Masini ile haikufa. Mutoto mwenye bidii anaweza kuiwekea Linux, haiombe feza, na atajifunza mengi kwa kufanya vile. Lakini lazima ujue unanunua nini.

Sasa nataka kusema na ninyi vijana, sababu tunakaa juu ya mawe haya. Ndani ya batri za telefone nyingi muko kobalti. Katika mwaka 1980, kule Oxford, John Goodenough na wenzake walionyesha kama kobalti inaweza kutumika ndani ya batri ya litiamu. Katika mwaka 1991 Sony ilianza kuuzisha batri za litiamu. Mwaka 2019 Goodenough, Whittingham na Yoshino walipewa zawadi ya Nobel juu ya kazi hiyo. Na zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa katika dunia yote inatoka kwetu Kongo. Jiwe linatoka hapa kwa bei ndogo, linavuka bahari, linarudi ndani ya telefone ambayo baba yako anaikopea feza.

Juu ya hii, ninahuzunika nikisikia kijana ameacha masomo aingie ndani ya shimo, sababu tu anataka telefone sawa ya mwenzake. Shimo likianguka, haliulize una miaka ngapi. Telefone ile itazeeka miaka tatu, na darasa ulilolikosa litakufuata siku zote. Ukipenda masini kweli, soma hesabu na fizike. Siku moja batri ile itengenezwe hapa, na wewe ukiwa ndani ya kazi.

Na wewe binti, nisikilize sawa mutoto wangu. Mwanaume mukubwa anayekupa telefone na kukuambia «usimwonyeshe mama», hakukupa kitu. Amenunua njia ya kukuita usiku. Zawadi inayopashwa kufichwa, irudishe, tena umuambie mama. Nanyi wazazi, binti akileta habari ile, musimupige. Mukimupiga, mara ya pili hatasema.

Mwisho, hesabu feza za kisha. Nani atalipa mega kila mwezi? Nani atalipa fundi kioo kikipasuka? Kama mushahara haufike, usikope. Ni heri multimetre isiyo na deni kuliko telefone inayonyima watoto wadogo minerval ya shule. Mutoto akiuliza juu ya nini hakupata ile kubwa, umuonyeshe hesabu juu ya karatasi. Mutoto anayependa masini anapenda namba vilevile, ataelewa kuliko unavyofikiri.

Jumapili hii kisha kula, mukae pamoja mezani, baba, mama na watoto. Kila mutu aseme anapenda kujifunza kufanya nini mwaka unaokuja. Halafu ndipo muende soko.

Mubaki na amani.