Sungura Mgonjwa Naye Ana Haki Juu Yako



Sifa zote njema zinamstahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), Muumba wa kila kitambaacho, kirukacho na kitembeacho. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, napenda kutoa maoni yangu juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo. Nalo ni la sungura wa kufuga anayepatwa na maradhi ya kukosa mizani ya mwili, yaani yule ambaye kichwa chake hupinda upande mmoja, akawa anazunguka mahali pamoja au anabiringika asiweze kusimama. Watoto wa madrasa, hapa Tarime na kule Mugumu, hufuga sungura nyuma ya nyumba. Maradhi haya yakiingia bandani, mtoto huja kwa wakubwa na swali, na majibu anayopewa mara nyingi huwa ni matatu: "Amerogwa huyo", au "Katupe porini", au "Muache, atakufa mwenyewe". Maoni yangu ni kwamba majibu yote matatu si sahihi, na kwamba jibu lililo sahihi lilikwishaandikwa na wanazuoni wetu zaidi ya miaka 700 iliyopita.

NI MARADHI, SI UCHAWI

Mwenyezi Mungu ameweka ndani kabisa ya sikio, kwa mwanadamu na kwa sungura pia, mirija mitatu midogo iliyopinda kama nusu duara, nayo ina majimaji ndani yake. Kichwa kinapogeuka, majimaji yale hutikisika, na ubongo hupata habari ya upande mwili ulikoelekea. Mwanafunzi anayetaka kuhakikisha na azunguke mara kumi kisha asimame ghafla. Ataona ukuta unakwenda, na ilhali ukuta umesimama. Basi sungura mwenye maradhi haya yumo katika hali hiyo usiku na mchana. Macho yake huchezacheza na miguu humpeleka asikotaka. Anaanguka kwa sababu ardhi, kwake yeye, haijatulia.

Sababu zake zinajulikana. Kubwa ni hizi zifuatazo:

(i) Kimelea kidogo sana kisichoonekana kwa macho, kiitwacho kwa jina la kitaalamu Encephalitozoon cuniculi. Hushambulia ubongo na figo, na huenea kwa njia ya mkojo wa sungura aliyeambukizwa, au kutoka kwa mama kwenda kwa watoto wake. Sungura anaweza kukaa nacho muda mrefu bila dalili yoyote.

(ii) Bakteria wanaoingia katika sikio la kati na la ndani, mara nyingi baada ya sungura kuugua mafua.

(iii) Utitiri wa masikio. Huu huacha magamba mazito ndani ya sikio, na ukipuuzwa huweza kufungua njia ya maradhi mengine kuingia ndani zaidi.

(iv) Kuumia kichwa, kwa kuanguka au kupigwa.

Wakazi wa Serengeti wana mfano wao mkubwa zaidi. Mwaka 1994 simba wa hifadhi ile walionekana wakitetemeka, wakipepesuka na kuanguka kwa degedege. Walikufa takriban theluthi moja ya simba wote, ambao ni kama 1,000. Wataalamu walichukua vipimo wakagundua kuwa ni virusi vya ugonjwa wa mbwa, na wakaelekeza kidole kwa mbwa wa vijijini kuwa ndio asili yake. Baada ya hapo ndipo kampeni za kuchanja mbwa katika vijiji vinavyoizunguka hifadhi zilipopata nguvu. Ikiwa simba mzima huangushwa na kijidudu kisichoonekana, sungura atashindwaje?

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu neno "amerogwa" haliishii kwa sungura. Likishatamkwa, watu huanza kuuliza ni nani aliyeroga, na macho yote huelekea kwa bibi mzee wa jirani. Kanda yetu ya Ziwa imeshuhudia vikongwe wakiuawa kwa tuhuma za namna hii. Uislamu haukanushi kuwepo kwa sihiri, lakini umekataza dhana mbaya na umekataza kumsingizia mtu jambo bila ushahidi. Mzazi anayemwambia mwanawe kuwa sungura amerogwa anamfundisha kutafuta mchawi mahali alipotakiwa kutafuta dawa.

HAKI YA MNYAMA ASIYE NA FAIDA

Sungura ni mnyama halali. Anas bin Malik (R.A.) amesimulia, kama walivyopokea Bukhari na Muslim, kuwa walimkimbiza sungura huko Marru Dhahraan, karibu na Makka. Yeye akamkamata, Abu Talha akamchinja, na paja lake likapelekwa kwa Mtume (S.A.W.) naye akalipokea. Lakini uhalali wa nyama yake haumwondolei sungura haki zake akiwa hai. Katika Bukhari na Muslim imo pia habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia asimpe chakula wala asimwache ajitafutie. Imo pia habari ya mtu aliyesamehewa madhambi yake kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu.

Wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii waliyachukua mafundisho haya wakayafanya kuwa hukumu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), katika kitabu chake Minhaj, ametaja kuwa ni wajibu wa mwenye mnyama kumlisha na kumnywesha. Akikataa, na mnyama akiwa ni wa kuliwa, hulazimishwa kufanya moja kati ya matatu: amuuze, amlishe, au amchinje. Naye Izzuddin bin Abdis-Salaam, aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), amezitaja haki za wanyama moja baada ya nyingine. Ya kwanza katika hizo ni kumgharimia mnyama hata akizeeka au akiugua kiasi cha kutokuwa na manufaa tena kwa mwenyewe. Ametaja pia kumtengenezea mahali pazuri pa kulala.

Wasomaji wazingatie maneno hayo: hata kama hana manufaa tena. Sisi wa Tarime na Serengeti ni watu wa mifugo. Ng'ombe akishindwa kusimama, majirani huitana wamwinue na mtaalamu huitwa hata usiku. Sungura akishindwa kusimama, haitwi mtu. Tofauti ni bei tu. Huruma inayopanda na kushuka kwa bei ya mnyama, mimi naiona kuwa ni biashara. Hizo hukumu za wanazuoni hazikuuliza bei.

Hivyo basi, njia ni tatu, nazo tuziangalie kwa haki. Kumuuza kunajuzu, lakini ni lazima mnunuzi aelezwe maradhi yake, kwani kuficha aibu ya bidhaa ni udanganyifu. Kumchinja kunajuzu pia, kwa kisu kikali, kwa upole, na mbali na macho ya wenzake. Lakini kabla ya kula nyama ya mnyama mgonjwa au aliyepewa dawa, ni lazima kumuuliza mtaalamu wa mifugo, kwani ni haramu kujidhuru. Ya tatu ni kumlisha na kumtibu. Ama njia ya nne, ya kumwacha afe kwa njaa au kumtupa porini, haimo kabisa katika orodha.

Huenda mtu akasema kuwa kumtupa porini ni kumwachia huru ajitafutie. Hapana. Sungura wa bandani asili yake ni Ulaya, naye ni mnyama mbali na yule sungura wa porini anayekimbia katika mbuga za Serengeti. Akiwa mzima tu ni shida kwake kuishi huko, sembuse huyu asiyeweza kwenda hatua tatu kwa mstari ulionyooka? Kumwacha huko ni kumkabidhi kwa mbwa na mwewe.

NAMNA YA KUMTUNZA

Kwanza, tahadhari. Wilaya zetu zina kichaa cha mbwa. Ikiwa sungura ameumwa na mbwa au mnyama wa porini, kisha akaanza kupepesuka, mtoto asimguse kabisa. Apelekewe habari afisa mifugo.

Ikiwa hakuumwa, mpeleke mapema kwa afisa mifugo wa kata au ofisi ya mifugo ya wilaya. Ataangalia masikio, na atamkadiria dawa kwa uzito. Kwa kile kimelea cha ubongo, dawa inayotumika sana ni ile ya minyoo iitwayo fenibendazoli, ambayo hutolewa kila siku kwa muda wa siku 28. Kwa utitiri hutumika sindano ya aivamekitini. Mzazi asijaribu dawa alizobakiza za ng'ombe au za watu. Penisilini na amoksilini zikinywewa na sungura huua bakteria wazuri wa tumboni mwake, naye huweza kufa kwa dawa badala ya maradhi.

Nyumbani, kazi ni ya mikono na subira zaidi kuliko fedha:

(i) Mweke katika boksi au kona ndogo iliyozungushiwa magunia au nguo kuukuu, chini kuwe na nyasi kavu nyingi, ili akibiringika asiumie. Mtenge na wenzake.

(ii) Mpe ukoka, mashona nguo na matembele, uyaweke karibu na mdomo wake. Maji yawe katika bakuli zito la udongo lisilo na kina. Asipokula kwa siku nzima tumbo lake husimama, na hiyo ni hatari ya kifo. Hapo ponda majani laini kwa maji, umlishe kidogo kidogo kwa pembeni mwa mdomo, kwa bomba la sindano lililotolewa sindano yake.

(iii) Safisha jicho la upande wa chini kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kwani hilo ndilo huingia vumbi. Safisha pia sehemu za nyuma. Sungura kwa maumbile yake hula kile kinyesi chake laini moja kwa moja kinapotoka, na huyu hawezi kukifikia, hivyo huchafuka.

(iv) Usimwinue kwa masikio. Tia mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, umkumbatie. Akirusha miguu hewani anaweza kuvunjika uti wa mgongo.

(v) Mkojo wake ni najisi katika madhehebu yetu, na humo ndimo hutoka vijidudu. Basi nawa kwa sabuni na ubadili nguo kabla ya sala. Safisha banda kwa maji yanayochemka. Mtu mwenye kinga dhaifu ya mwili asifanye kazi hiyo.

Wapo sungura wanaopona kabisa. Wapo ambao kichwa hubaki kimepinda maisha yao yote, lakini hula, hujisafisha na huchezacheza kama wenzao, kwani huzoea. Na wapo wasiopona. Hawa, wakishindwa kula hata kwa kulishwa na wakawa wanabiringika bila kupumzika, kuwachinja kwa wema ni rehema, na mtoto aelezwe ukweli huo bila kufichwa.

JAWABU KWA WANAOPINGA

Wapo watakaosema, "Mwalimu, watu wenyewe wana njaa, wewe unatuhubiria sungura?" Ni kweli kuwa mwanadamu ametangulia, na wala sikusema mtu amnyime mwanawe ampe sungura. Lakini ukoka hauuzwi, na gunia kuukuu lipo kila nyumba. Kinachokosekana mara nyingi ni kujali tu.

Wengine watasema kuwa haya ni mambo ya wazungu. Nao nawakumbusha kuwa Izzuddin alizaliwa Damascus akafia Cairo, na aliyaandika haya karne nyingi kabla ya nchi yetu kuwa na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Hatukuazima huruma kwa mtu.

Nawausia wanafunzi wetu wapenzi: kabla hujamleta mnyama nyumbani, jiulize kama utamlisha siku atakapokuwa hawezi kukufurahisha. Aliyemfungia mnyama mlango wa banda amejifunga naye kwa amana. Nanyi ndugu zangu wazazi, mtoto akija na sungura aliyepinda kichwa, msicheke wala msimwambie katupe. Nyumba hiyo hiyo itakuwa na mzee asiyeweza kuinuka, au ndugu mwenye kifafa, na mtoto atakayekuwa amezoea kukaa na kiumbe kisicho na faida atajua la kufanya.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kuhurumia ili nasi tuhurumiwe. Amin.

Wabillahi tawfiiq.