Soli nene si kinga ya goti

Raba za mbio zinapojaribiwa Mwembe Tayari, Mombasa, hukabiliwa na lami ya moto, mikokoteni, na unyevu unaolowesha soksi mapema. Joto hilo si la kudharau: Machi 24, 2007, katika mbio za nyika za dunia zilizoandaliwa kisiwani humo, bingwa Kenenisa Bekele wa Ethiopia alishindwa kumaliza, na Zersenay Tadese wa Eritrea akatwaa ubingwa.

Tangu Eliud Kipchoge akimbie marathoni kwa saa 1:59:40 mjini Vienna mwaka 2019, soli nene zimesifiwa kupita kiasi. World Athletics iliziwekea kikomo cha milimita 40 mwaka 2020.

Hata hivyo, unene si ulaini. Povu la soli hubonyea na kuinuka kwa kila hatua. Likichoka haliinuki, ingawa kiatu kingali kinang'aa. Hapo ndipo mnunuzi wa mitumba hupunjwa, kwani kidole gumba hakigundui kila kitu. Afadhali aombe kuzivaa hadi kona ya barabara na kurudi (wauzaji wengine hununa). Kisigino kimoja kikigonga kuliko kingine, bei ishuke, ama raba zirudi mezani.