Kisha sezariene, ni nani anasimamisha mama?

Mutoto akitoka, familia inashukuru Mungu, telefone zinaanza kulia, na watu wanaona kazi imekwisha. Kwa mama aliyepasuliwa, kazi ingine inaanza pale pale: kugeuka ku kitanda, kukaa, kusimama, kufika ku choo. Mu matenite mingi kwetu Haut-Katanga, kazi ile haina mwenyewe.

Usiku, mara nyingi muuguzi ni mumoja kwa sale nzima. Anaangalia damu, tansio, serumu, anapita kwa mwingine. Mama anabaki na garde-malade, dada ao mama mukwe aliyekuja na sufuria ya bukari. Naye anasema paka neno moja: « Lala, kidonda kitafunguka. » Anasema vile kwa mapendo. Lakini kulala siku mbili tatu bila kujigeuza ndiyo kunaleta hatari.

Mimba yenyewe inafanya damu igande mbio, na kupasuliwa kunaongeza. Miguu isipotembea, damu inasimama ndani, inaweza kuganda, na kipande kikipanda mu mapafu mama anaweza kufa. Tumbo nalo linavimba, hewa inakataa kutoka. Kidonda kimeshonwa kwa uzi. Kusimama polepole hakukifungui. Kinachokiharibu zaidi ni uchafu na kubeba vitu vizito.

Kama alipewa sindano ya mugongo, miguu inarudi kisha masaa machache. Kuanzia pale achezeshe nyayo juu na chini. Mbele siku ya kwanza haijaisha, atoke ku kitanda: alale ubavu, ashushe miguu, ajisukume na mukono, akae kwanza juu kizunguzungu kinaweza kumuangusha. Akikohoa, akamate muto ku tumbo. Mara ya kwanza, muuguzi awe pembeni, si garde-malade peke yake. Muuguzi ndiye anapima tansio, anaangalia kama damu haitoki sana, anajua saa ya kutosha sonde ya mukojo.

Tena apewe dawa ya maumivu mbele ya kusimama. Hapa ndipo franka zinaingia. Pahali pengi familia ndiyo inaenda kununua dawa. Isiponunua, mama anabaki na maumivu, kisha watu wanamuita muvivu.

Mwaka 2018, waandishi wa shirika la habari la Associated Press walipitia ospitali na vituo zaidi ya 20 mu Lubumbashi. Isipokuwa kimoja, vyote vilikuwa vinashika wagonjwa wasiolipa. Mama anayeshikwa vile anakaa siku mingi, lakini kukaa si kutunzwa. Serikali ilianza uzazi wa bure mu Kinshasa mu mwezi wa 9 mwaka 2023. Hata kama fakture ingefutwa pote, saa ya muuguzi ya kumukalisha mama haiandikwi mu fakture yoyote. Ingefaa iandikwe ku fishi yake, sawa vile tansio inaandikwa: amesimama saa ngapi, na nani.

Mitwaba ni mbali zaidi. Barabara ya udongo, mvua ikinyesha inakuwa matope, na mama anaweza kurudi ku kijiji juu ya moto na kidonda cha siku chache. Eneo hili lilihesabiwa mu « triangle ya kifo » pamoja na Manono na Pweto, wakati wa Bakata Katanga, na watu walikimbia mara na mara. Ku nyumba bidon ya litre 20 inamungojea, ni kilo 20, na kwa wiki 6 hapashwi kubeba kizito kupita mutoto wake. Ile maneno bwana aambiwe ku ospitali, mbele ya kutoka. Mama mwenyewe hawezi kuyatetea akifika kwa bakwe.

Na muguu mumoja ukivimba na kuuma, pumzi ikikatika, homa ikipanda, ao kidonda kikitoa usaha, arudi ile siku ile, hata kama fakture ya kwanza haijalipwa.