Mpaka Unaofungwa kwa Sahihi Moja

Aprili 2025 Tanzania ilipiga marufuku mazao ya kilimo kutoka Malawi na Afrika Kusini, ikatangaza pia kuzuia mbolea kwenda Malawi. Siku chache baadaye marufuku ikaondolewa. Wapo walioshangilia kwamba tumewakomesha. Mimi nilikasirika, na hasira ile haijaniisha.

Malawi ndiyo iliyoanza. Mwezi mmoja kabla, kwa amri ya waziri, ilizuia unga, mchele, tangawizi, ndizi na mahindi yetu. Afrika Kusini nayo ilikuwa imezikataa ndizi zetu kwa miaka. Wanaomtetea Hussein Bashe, aliyekuwa Waziri wa Kilimo wakati huo, wanasema bila kubanwa wasingekuja mezani. Huenda ni kweli.

Lakini angalia uamuzi wenyewe ulivyopita. Septemba 2021 Bunge letu liliridhia mkataba wa Eneo Huru la Biashara Afrika. Ibara ya 63 ya Katiba inataka hivyo: mkataba wa namna hiyo ujadiliwe na wabunge kwanza. Kufungua soko, basi, kulipita bungeni Dodoma. Kulifunga kulitoka wizarani kama tangazo, wala hakukupigiwa kura. Malawi nako ni hivyo hivyo, waziri na kalamu yake. Nchi mbili zilizomo katika Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika (SADC), zenye mabunge yaliyochaguliwa, zikafungiana mpaka bila mbunge hata mmoja kuulizwa!

Na msiniambie kulikuwa na dharura. Waziri alitoa onyo karibu wiki nzima kabla, na Bunge lilikuwa palepale Dodoma, kwenye mkutano wa bajeti. Ugonjwa wa mimea ukiingia ghafla, sawa, waziri afunge leo leo. Huu haukuwa ugonjwa. Ulikuwa ugomvi wa kibiashara, na mkulima ndiye aliyewekwa rehani.

Anayejua ndizi za Tukuyu, wilayani Rungwe, anaelewa rehani hiyo nchi zikifungiana mpaka. Mkungu hukatwa mbichi, hupangwa kwenye lori na kufunikwa majani. Lori likikwama Kasumulu, mpakani na Malawi, joto la chini ya turubai huivisha ndizi kabla ya wakati. Maganda hupiga madoa meusi, na mnunuzi huanza kutaja bei ya kutupa. Mwenye mzigo ule hana mlango wa wizara wa kubisha. Ana mbunge tu, na mbunge huyo karukwa.

Ninachodai ni kwamba amri kama hii ipite kwenye kamati ya Bunge kabla lori la kwanza halijasimamishwa, mbunge wa Rungwe asimame, aulize ndizi zitakwenda wapi, na waziri ajibu.