Mzazi, usimbebeshe mtoto kilele chako

Desemba ikikaribia na shule kufungwa, baadhi ya familia huanza kupanga safari ya Mlima Kilimanjaro. Zamani kupanda mlima huo kulionekana shughuli ya wageni kutoka Ulaya. Siku hizi Watanzania wengi hupanda kuadhimisha Uhuru wa Desemba 9, na wapo wazazi wanaoongozana na watoto wao.

Ni jambo jema. Siku tano au sita bila televisheni, mzazi na mtoto wakitembea njia moja na kulala kibanda kimoja, huzaa mazungumzo ambayo nyumbani hayapatikani. Lakini ipo sentensi moja ambayo mtoto huogopa kuisema mlimani, na kutoisema kunaweza kumgharimu maisha.

Chukua mfano wa baba aliyepanda na binti yake wa miaka 13 kwa njia ya Marangu. Siku ya kwanza walipita msituni hadi vibanda vya Mandara, mita zipatazo 2,700 kutoka usawa wa bahari. Binti alitangulia mbele akiimba. Siku ya pili wakafika Horombo, mita 3,720. Jioni supu na wali vikaletwa, binti akawa anazungusha kijiko tu.

"Dada, kichwa vipi?" mwongozaji akamuuliza.

Binti akamtazama kwanza baba yake, ndipo akajibu, "Kiko sawa."

Mzazi anapaswa kushtushwa na jicho lile. Mtoto anajua fedha zilizolipwa, likizo ambayo baba aliiomba kazini, koti lililoazimwa kwa jirani. Anajua pia kwamba picha imesharushwa kwenye kundi la ukoo la WhatsApp: "Tunakwenda kileleni, mtuombee." Shangazi na wajomba wote wanasubiri. Kwa mtoto mwenye adabu, kusema "naumwa" ni kama kumwaibisha baba mbele ya ndugu zake. Ananyamaza.

Mwili unahitaji siku

Kadiri mtu anavyopanda, hewa huwa nyepesi. Kwenye kilele cha Uhuru, mita 5,895, kila pumzi huingiza oksijeni karibu nusu tu ya ile anayoivuta mtu wa Dar es Salaam. Mwili unaweza kuzoea, ila huzoea taratibu. Ndiyo maana waongozaji hawachoki kusema "pole pole", na ndiyo maana safari ya siku sita, yenye usiku wa pili Horombo, ni bora kuliko ya siku tano. Mzazi anayepunguza siku moja ili kuokoa gharama humnyima mtoto siku ambayo mwili wake uliihitaji kuliko zote.

Ukakamavu si kinga. Kijana anayecheza mpira shuleni anaweza kuugua, na mama mtu mzima anayetembea taratibu akafika salama.

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu na uchovu usio wa kawaida. Mtoto akionyesha hizo, chukulia kwamba ni mlima, usiseme "ni uvivu" au "amezoea chipsi". Hapo hapandi zaidi mpaka apate nafuu. Asipopata, ashuke. Akianza kuyumba kama mlevi, kuongea yasiyoeleweka, kuhema akiwa amekaa tu au kukohoa mate yenye povu, ashushwe mara moja, hata kama ni usiku wa manane. Hayo si ya kusubiri asubuhi.

Kabla ya kuondoka nyumbani

Mpeleke mtoto kwa daktari kwanza. Mwenye selimundu anaweza kupata maumivu makali na madhara makubwa kwenye hewa yenye oksijeni kidogo, na mwenye pumu anahitaji ushauri wake maalumu. Usimpe mtoto dawa ya mlimani kwa sababu tu rafiki yako aliitumia. Kwa walio chini ya miaka 10, utaratibu wa hifadhi hauruhusu kwenda kileleni. Hao wanaweza kufurahia matembezi ya msituni hadi Mandara, na bado wakarudi shuleni na hadithi nzuri.

Kisha kaeni chini, mzazi na mtoto, mkubaliane mambo matatu. La kwanza, anayesema "naumwa" hatachekwa wala kukumbushwa gharama, si mlimani, si nyumbani. La pili, kila jioni mwongozaji atazungumza na mtoto peke yake, na akisema "tunashuka", hakuna ubishi. La tatu, mtoto akishuka, mzazi anashuka naye. Si haki kumkabidhi mtoto mgonjwa kwa mpagazi asiyemfahamu huku baba akiendelea kukifuata kilele.

Na kundi la ukoo? Waambie mnakwenda kutembea mlimani. Habari za kilele zingoje mkirudi.

Anayeona aibu kurudi akumbuke historia ya mlima wenyewe. Hans Meyer, Mjerumani anayetajwa kuwa wa kwanza kufika kileleni mwaka 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, alijaribu mwaka 1887 akageuza njiani. Kilele alikikuta palepale.

Turudi Horombo. Baada ya chakula, baba alimchukua binti yake nje, wakakaa kwenye ngazi za kibanda. Baridi ilikuwa kali, wamejifunika koti moja.

"Mama, hapa tupo wawili tu. Nikihitaji kukushusha nitakushusha na sitakasirika. Kichwa?"

"Kinauma tangu mchana, baba. Na nilitapika kule chooni."

Siku iliyofuata walipumzika. Kichwa hakikupoa, na mchana akatapika tena. Mwongozaji akasema inatosha, wakashuka wote wawili hadi Mandara. Jioni hiyo binti aliomba sahani ya pili ya wali.

Baba akampiga picha akiwa na kijiko mdomoni, akaituma kwenye kundi la ukoo. Shangazi akauliza, "Na kilele je?"

Akajibu, "Kipo. Tutakirudia akiwa tayari."