Mkataba Usubiri Umri
"Samaki mkunje angali mbichi," husema wanaopinga ligi za kulipwa kuweka kima cha chini cha umri wa wachezaji. Hoja hiyo ina mashiko, kwani kipaji cha chipukizi wa Kitengela hakingoji. Ila methali hiyo inahusu malezi, si biashara. Wamaasai wa Kajiado hawamfanyi mvulana morani kwa sababu ya kimo chake. Hungoja rika lake. FIFA nayo, isipokuwa kwa masharti maalumu, huzuia wachezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu za ng'ambo. Vivyo hivyo, ligi za Kenya zimruhusu mtoto acheze, lakini mkataba wa kulipwa usubiri miaka 18. Goti la mvulana wa miaka 15 likiumia, klabu itasajili mwingine. Yeye, aliyekwisha kuacha shule, atabaki bila mpira wala cheti.