Tufundishwe Kuzipanga Ruta

Wako wenzetu wasemao kwamba kuzipanga ruta za mtandao ni kazi ya mafundi wa Dar es Salaam, na kwamba sisi wa Sapiwi, watoto wa wakulima wa pamba, yatutosha kujua kuandika barua kwa kompyuta. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu ni hizi.

Kwanza, jambo lenyewe si la ajabu. Ruta ni mashine ikaayo kwenye njia panda ya mtandao na kuamua kila furushi la habari lipite wapi. Lori la pamba litokalo Bariadi kwenda Mwanza laweza kupita Lamadi na Magu, au kuzunguka kwa Maswa na Mwigumbi. Dereva huuliza habari za njia kwanza, ndipo aondoke. Ruta nazo huulizana vivyo hivyo, kwa kanuni ziitwazo itifaki za njia. Itifaki ya RIP huhesabu vituo tu, wala haivuki vituo 15. Ile ya OSPF huipa kila njia gharama yake, na kwa kawaida njia pana huwa na gharama ndogo. Ruta za OSPF husalimiana kila sekunde 10; jirani akinyamaza sekunde 40 huhesabiwa kuwa hayupo, na njia nyingine hutafutwa.

Pili, ruta hufanya lile tu iliyoagizwa. Ukiiandikia njia moja, siku njia hiyo ikikatika itakaa bure, hata kama ya pili ipo. Ukiiacha isadiki kila neno la jirani, yatatokea kama ya tarehe 24 Februari 2008. Siku hiyo kampuni ya simu ya Pakistan, ikitaka kuifunga YouTube nchini mwake, ilitangaza kwa itifaki ya BGP kwamba njia ya kwenda YouTube yapita kwake. Tangazo likavuja nje, ruta za nchi nyingine zikalisadiki, na kwa muda wa saa mbili hivi watu wengi duniani hawakuipata YouTube. Njia ya mwongo ni fupi, lakini hasara ilikwisha kuingia.

Tatu, tuliona wenyewe mwaka 2024. Jumapili tarehe 12 Mei, mikongo ya EASSy na SEACOM ilikatika baharini kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tangu Februari ya mwaka huo SEACOM ilikuwa imekatika pia katika Bahari ya Shamu. Intaneti ya Tanzania ikazorota sana. Mtu ataniuliza, “Basi itifaki zako zilifaa nini?” Namjibu kwamba itifaki haichimbi barabara, huchagua katika zilizopo. Kwa hiyo nchi yahitaji vitu viwili: njia zaidi ya moja, na watu wajuao kuzielekeza ruta. Njia zataka fedha nyingi, nazo hazimo katika uwezo wetu. Watu hawa waweza kuanza kupatikana darasani.

Najua nitaambiwa hatuna vifaa. Kompyuta kuukuu tatu, zikiongezewa kadi za mtandao na kuunganishwa kwa nyaya, zaweza kugeuzwa ruta kwa programu ya bure iitwayo FRRouting. Programu ikishapatikana, mazoezi yenyewe hayahitaji intaneti. Mwanafunzi atachomoa waya mmoja na kutazama jinsi habari zinavyozunguka upande wa pili, kisha ataandika kanuni ya kukataa tangazo la uongo. Hilo ni somo ambalo ubao na chaki haviwezi kulitoa.

Hospitali, benki na ofisi za wilaya yetu zinategemea mtandao. Wakingoja fundi atoke mbali, mgonjwa na mkulima ndio wanaongoja pamoja nao. Kwa nini fundi huyo asitoke Sapiwi? Nawaomba walimu wetu walifikirie jambo hili kabla ya muhula ujao, nanyi wenzangu wa vidato vya chini mlidai kwa adabu hata baada ya sisi kuondoka.